Mzee ana sukari na figo zimeanza kusumbua, mbona musawo (daktari) anakazania moyo?

Mtoto_wa_Arua

Wandugu habari zenu, wakubwa shikamoo. Naomba mnisaidie kuelewa jambo moja juu hapa nyumbani tumegawanyika na kila mtu anasema lake.

Baba yetu ni Hajji, ana miaka 63, zamani alikuwa dereva wa malori ya kwenda Juba. Sukari anayo zaidi ya miaka kumi, presha pia iko. Sasa miguu ilianza kuvimba jioni tukampeleka kliniki hapa Arua wakapima mkojo na damu. Majibu yakatoka hivi: ACR ya mkojo 420, eGFR (yani figo zinachuja damu kiasi gani) 48, presha 158 kwa 92, ile sukari ya miezi mitatu asilimia 8.1. Musawo akasema figo zimeguswa na sukari. Hiyo tulikuwa tunaiogopa tayari. Kilichotushangaza ni kwamba kwa figo hakukaa sana, akaingia kwa moyo. Akaandika ECG, kipimo cha umeme wa moyo, akaandika dawa ya mafuta ya damu, akamuuliza mzee akipanda kilima cha msikiti anapumua vipi, akilala anahitaji mito mingapi, yani maswali ya moyo tupu.

Mjomba anasema hiyo ni njia ya kutukula pesa, mtu hajawahi kulalamika kifua hata siku moja mnampima moyo wa nini. Kaka yangu mkubwa anataka tuuze ng'ombe wawili sasa hivi tuweke pesa ya dayalisisi, ile mashine ya kusafisha damu figo zikishindwa. Mama analia tu. Na mzee mwenyewe anasema anapona, kwa sababu asubuhi sukari inasoma chini sana, mara nyingine anaamka na jasho na njaa, kwa hiyo anataka aache insulini kabisa.

Dawa anazotumia ni insulini, metformini na amlodipini. Mgongo ukimsumbua anachomwa diklofenaki kwa duka la dawa karibu na soko.

Naomba mwenye kujua aniambie, figo na moyo vinakutania wapi? Na kama pesa ni kidogo tuanze na nini?

Musawo_Jinja

Dada pole sana, na mpe Hajji salamu. Mimi ni klinikal ofisa, niko kwa kliniki ya sukari na presha huku Jinja, na nikuambie mapema kabisa huyo musawo wenu hakuwadanganya. Wengi hawafiki huko kwa moyo, wanaishia kwa figo tu.

Kitu watu hawaambiwi ni hiki: mtu mwenye sukari ambayo imeshaingia kwa figo, kinachomuua mara nyingi ni moyo au kiharusi, na mara nyingi kabla hata hajafika kwa dayalisisi. Kaka yako anaogopa mashine ya dayalisisi, mimi ninachoogopa ni moyo wa mzee kabla ya hiyo mashine. Dayalisisi huanza kuongelewa vizuri eGFR ikiwa chini ya 15. Baba yako yuko 48. Hao ng'ombe waacheni kwanza.

Sasa vinakutania wapi. Ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana, na kila kichujio ni fundo la mishipa ya damu myembamba. Sukari na presha zikikaa juu miaka mingi zinaharibu ngozi ya ndani ya hiyo mishipa, inaanza kuvuja, protini inayoitwa albumini inatoka na mkojo. Ndiyo hiyo ACR inapima. Chini ya 30 ni sawa, 30 mpaka 300 imeanza, juu ya 300 imepanda sana, na mzee ana 420. Lakini jiulize, hiyo sukari na hiyo presha vilikuwa vinapita kwa figo peke yake? Damu ni ileile, inapita kwa mishipa ya moyo, ya ubongo, ya macho, ya miguu. Albumini kwa mkojo inakuonyesha mishipa ya mwili mzima iko hali gani, kwa figo ni rahisi tu kuiona. Ndiyo maana ACR ikipanda, hatari ya moyo inapanda nayo, hata kama eGFR bado ni nzuri.

Alafu figo ikichoka yenyewe inaongeza mzigo. Inashika chumvi na maji, presha inapanda, moyo unasukuma kama lori limejaa linapanda mlima kila siku, misuli yake inanenepa na kukakamaa. Damu inapungua maana figo ndiyo inatoa homoni ya kutengeneza damu. Fosfeti na kalsiamu vinavurugika, mishipa inaanza kuwa migumu. Haya yote yanaenda pamoja.

Mwambie mjomba kwa heshima kwamba kutolalamika kifua hakumaanishi chochote kwa mtu wa sukari ya miaka kumi. Sukari inaua neva, maumivu hayafiki. Mtu anapata shambulio la moyo anasikia tu uchovu, kichefuchefu, pumzi fupi, jasho baridi. Nimewaona waliotibiwa malaria au vidonda vya tumbo kumbe ni moyo. ECG ni kipimo cha muda mfupi, hakiumi, na kwa mtu kama Hajji ni lazima kifanyike.

Kuhusu insulini hapa nisikilizeni vizuri. Sukari kushuka asubuhi na jasho si kupona. Figo zikipungua nguvu insulini inakaa mwilini muda mrefu kuliko zamani, dozi ileile ya mwaka jana inaweza kuwa nyingi mno leo. 8.1 inaonyesha wazi sukari bado iko juu kwa jumla, kwa hiyo asiiache, ila dozi iangaliwe upya wiki hii hii, hasa ya usiku. Sukari ikishuka sana usiku nayo ni hatari kwa moyo, inaweza kuvuruga mapigo. Mwekeeni sukari au soda karibu na kitanda.

Na hiyo diklofenaki isimame leo. Sindano na vidonge vyote viwili. Inabana damu ya figo, inashikilia maji, inapandisha presha, na moyo pia inaudhuru. Mgongo ukiuma ni parasetamo.

Hajjati_Bombo

Musawo asante, hapo kwa diklofenaki umenishtua, huku kwetu kila mzee anachomwa hiyo akisema mgongo tu. Ila mimi niulize, miguu kuvimba si figo tayari?

Musawo_Jinja

Hajjati inaweza kuwa figo, inaweza kuwa moyo umeanza kushindwa kusukuma, na inaweza kuwa amlodipini yenyewe, hiyo dawa inavimbisha miguu watu wengi sana. Ndiyo maana anahitaji kuangaliwa, hatuwezi kubahatisha kwa simu. Akianza kuamka usiku anatafuta hewa au hawezi kulala chini bila mito mingi, hapo msingoje siku ya kliniki, mpelekeni hospitali kubwa saa hiyo hiyo.

Mama_Kasese

Mtoto wangu wa Arua, mimi ninaishi na hii kitu unayouliza, sukari na figo vyote viwili, na moyo ulikuja hivyo hivyo kimya. Kifua hakikuuma. Nilikuwa natoka sokoni na mzigo wa matoke, mwili ukaisha, nikatapika, nikalowa jasho, mahali pa kwanza wakanipa dawa ya malaria bila hata kupima. Kwa kliniki ya sukari ndipo musawo mmoja kijana akasema mama huyu hebu tumfanyie ECG, ikaonyesha moyo ulishapigwa siku zilizopita. Baadaye nikapelekwa Mulago kwa Taasisi ya Moyo ya Uganda wakafanya eko, ile picha ya moyo, wakaona jinsi unasukuma. Kwa hiyo huyo mjomba wako apunguze maneno kidogo, hapa watu wanaondoka.

Mimi nikuambie ya chakula juu wasawo wanasema "punguza chumvi" alafu wanakuacha. Sisi huku Kasese chumvi ya Katwe iko mlangoni, tumekua nayo, maharage bila magadi tunaona hayajaiva. Hayo magadi nayo yana sodiamu, ni mzigo uleule kwa presha, watu wanafikiri si chumvi kwa hiyo haihesabiki. Viungo vya paketi vile vya mchuzi vimejaa chumvi. Samaki wa kukausha kwa chumvi hivyo hivyo. Nyumbani kwangu sasa chumvi haikai mezani, inaingia kidogo kwa sufuria mwishoni basi, kijiko kimoja kidogo cha chai ndio kipimo cha mtu mmoja siku nzima na hapo umehesabu kila kitu. Limau, tangawizi, kitunguu saumu vinasaidia ulimi usahau. Mwezi wa kwanza ni mgumu, mzee atalalamika, mvumilieni.

Msinunue ile chumvi ya madukani ya "watu wa presha" kabla ya kuuliza, mingi ina potasiamu na figo zilizochoka haziitoi vizuri.

Na sigara. Kama mzee bado anavuta, madereva wengi wanavuta, hapo ndipo mwanzie kabla ya senti yoyote kutumika.

Mtoto_wa_Arua

Mama asante sana, nimesoma hii kwa sauti mbele ya mjomba. Amenyamaza. Ndio, mzee anavuta bado, si sana lakini anavuta.

Dawa zenyewe sasa. Musawo aliandika losartani ya kuongeza kwa presha, atorvastatini usiku, alafu akataja moja akasema ni nzuri lakini ni ghali, dapagliflozini. Hatujanunua hata moja bado, tunangoja kusikia kwenu.

Famasi_Malaba

Nipo kwa famasi hapa Malaba, naomba niingie kwa hilo la dawa juu ndiyo kazi yangu na ndiyo pesa ya watu inapotelea.

Losartani msingoje. Hiyo ni dawa ya presha lakini kwa mtu mwenye albumini kwa mkojo inafanya kazi mbili, inashusha presha na inapunguza msukumo ndani ya vile vichujio, kwa hiyo uvujaji unapungua. Utafiti ulioonyesha hivyo kwa watu wa sukari aina ya pili wenye figo ulitoka 2001, si kitu kipya, na ni dawa ya bei ya chini, hata kwa vituo vya serikali kuna wakati inapatikana bure. Presha ya kulenga ni chini ya 130 kwa 80. Damu irudiwe wiki mbili mpaka nne baada ya kuanza, kreatinini (taka ya damu ambayo figo hutoa) na potasiamu. Kreatinini ikipanda kidogo, tuseme chini ya asilimia 30, msikimbie kuacha dawa, hiyo inatarajiwa. Potasiamu ikipanda sana hapo ni kumwona musawo. Na mtu asichanganye losartani na enalaprili au lisinoprili ati zote ni nzuri, hizo za familia mbili pamoja zimejaribiwa zikaleta madhara kuliko faida.

Atorvastatini watu wanaidharau juu wanasema mafuta yangu yako sawa. Kwa mwenye sukari na figo kwa umri wa mzee haitolewi kwa kuangalia mafuta peke yake, inatolewa kwa kuangalia hatari ya moyo. Na hapa kuna jambo linaniuma sana. Walijaribu Ujerumani kuwapa atorvastatini watu wa sukari walioshafika kwenye dayalisisi, majibu yakatoka 2005, haikuwapa faida ya kutosha. Yani dawa ileile ya bei nafuu inayolinda moyo leo, ukiingoja mpaka mashine, wakati wake unakuwa umepita. Ndugu anayetaka kuuza ng'ombe kwa ajili ya dayalisisi angeelewa hilo angeuza hata mbuzi mmoja anunue hiyo atorvastatini ya mwaka.

Dapagliflozini na wenzake, empagliflozini na kanagliflozini. Zilianza kama dawa za kutoa sukari kwa mkojo lakini zikaonekana zinalinda figo na moyo. Utafiti wa kanagliflozini wa 2019 ulichukua watu zaidi ya 4,400, wote wana sukari aina ya pili na albumini juu ya 300, yani watu kama Hajji kabisa, na wote walikuwa tayari kwenye dawa ya aina ya losartani au enalaprili. Kuharibika kwa figo pamoja na vifo vya figo au moyo vikapungua kwa asilimia 30, kulazwa kwa moyo kushindwa kukapungua kwa asilimia 39, mpaka wakausimamisha mapema juu faida ilishaonekana. Ya kwetu inayoonekana zaidi madukani ni dapagliflozini za India, patenti yake, yani haki ya kampuni moja kuitengeneza, kule iliisha 2020 kwa hiyo viwanda vingi vinatengeneza na bei inatofautiana sana duka na duka. Ulizeni famasi tatu nne kabla ya kununua, na mnunue kwa famasi yenye leseni.

Ila ina masharti. Inaleta fangasi sehemu za siri, mzee ajisafishe na kujikausha vizuri. Akitapika, akiharisha au akiwa na malaria kali hali chakula, aisimamishe mpaka ale vizuri, na losartani pamoja na metformini hivyo hivyo, lakini insulini asiiache hovyo. Anaitumia pamoja na insulini kwa hiyo dozi ya insulini ipangwe na musawo.

Metformini kwa eGFR 48 bado anaweza kutumia, ikifika chini ya 45 dozi inapunguzwa, chini ya 30 inaachwa.

Ukiniuliza pesa kidogo inunue nini kwanza, nasema losartani na atorvastatini, alafu mkipumua ongezeni dapagliflozini. Aspirini msimpe kwa kubahatisha, inatoa damu tumboni, hiyo ni ya kupewa na musawo kama moyo umeonekana una tatizo.

Tiba_Asili256

Kuna mizizi fulani inachemshwa inasafisha figo ndani ya mwezi, presha na sukari vinaisha vyote. Mwenye kutaka aje inbox.

Musawo_Jinja

Ndugu yangu, usimwuzie huyu dada hiyo kitu. Mizizi isiyojulikana ina nini ndani inapita kwa figo zilezile zilizojeruhiwa, na nimepokea watu walioacha losartani kwa ajili ya chupa kama hizo wakaja wamevimba mwili mzima. Mtoto wa Arua, usiende inbox.

Famasi ameongea vizuri sana, mimi niongeze kitu kimoja cha kumtuliza mama anayelia. Denmark, kwenye miaka ya 1990, walichukua watu 160 tu wenye sukari aina ya pili na albumini kidogo kwa mkojo. Nusu wakatibiwa kawaida. Nusu wakashikwa kwa kila upande kwa wakati mmoja, presha, sukari, mafuta, sigara, chakula, mazoezi, dawa ya familia ya enalaprili au ya losartani, kwa karibu miaka minane. Wale walioshikwa pande zote matatizo ya moyo na mishipa yakapungua karibu nusu, na walipohesabiwa baada ya miaka 21 walikuwa wameishi karibu miaka minane zaidi ya wenzao. Miaka minane dada! Na wakati utafiti unaanza hizi dawa ghali za leo hazikuwepo. Ilikuwa vidonge vya kawaida na mtu wa kufuatilia kila mara. Baba yako ana albumini nyingi kuliko hao, sikuahidi miaka ileile, lakini njia ni ileile, na kila kilichotumika pale kinapatikana Arua.

Kitu kimoja zaidi, ACR irudiwe ndani ya miezi mitatu. Homa, maambukizi ya mkojo au presha kali siku hiyo vinaweza kuipandisha, kwa hiyo namba moja haitoshi. Kurudia kusiwazuie kuanza losartani.

Kaka_wa_Arua

Mimi ndiye kaka anayeongelewa hapa, dada amenitumia. Nimesoma yote. Nilikuwa nafikiria hospitali ya Kiruddu kule Kampala tu juu jirani yetu alipelekwa huko kwa dayalisisi, basi la Kampala kila wiki kuvuka Karuma, mpaka familia ikahamia mjini. Hakuna aliyewahi kutuambia habari ya moyo. Ng'ombe watabaki, tutauza mbuzi. ECG ni Jumatatu.

Swali langu ni hili, mzee hakubali kusikia habari ya kuacha kufunga Ramadhani. Itakuwaje?

Hajjati_Bombo

Hilo nilikuwa naliogopa kuuliza mimi.

Musawo_Jinja

Kaka, kwa majibu aliyonayo sasa, insulini, sukari inayoshuka asubuhi na eGFR 48, Hajji yuko kwa kundi la hatari kubwa na kiafya ushauri ni asifunge. Kukaa bila maji mchana kutwa juani Arua na losartani na dapagliflozini mwilini kunaweza kuangusha figo ghafla. Lakini msimwambie nyinyi watoto, hatawasikia. Nendeni kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, musawo aandike hali yake, alafu imamu wa msikiti wake aketi naye. Mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini na kuna kulisha masikini badala ya kufunga, imamu ataongea hayo vizuri kuliko mimi. Wazee wengi wanakubali wakiambiwa na wote wawili.

Kama akikataa kabisa na akafunga, basi dozi zipangwe upya kabla, sukari ipimwe mchana, kupima hakuharibu saumu, na ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 (kwa mashine ya mmol/L) anafungua hapo hapo.

Mtoto_wa_Arua

Imamu ni rafiki yake wa tangu zamani walikuwa wanaendesha pamoja. Nitampigia leo. Majibu ya ECG nitaweka hapa.